Mwizi Niliyemtaja Nyuma ya Shuka

Juzi nilipita Kasulu mjini, kwenye banda la video la kijana mmoja, nikasimama mlangoni kusikiliza. Sinema ilikuwa ya Kichina, lakini sauti ilikuwa ya kijana wa Dar es Salaam anayetafsiri. Anatania, anaongeza chumvi, mpaka maiti anasemeshwa. Nikacheka na wenzangu. Halafu kicheko kikanikauka mdomoni, nikaondoka. Mwenye banda akanifuata barabarani, akaniuliza, Babu, vipi, mbona hukai? Sikumjibu. Haya ninayoyaandika ndiyo jibu lake, na ni lenu pia, ninyi vijana mnaoweka sauti zenu juu ya picha za watu wengine.

Kazi yenu hiyo niliifanya kabla baba zenu hawajaoa. Nilikuwa mtu wa gari la sinema, Kibondo na Kasulu, miaka ya sabini, watu walipokuwa wamehamia vijiji vipya na bado wanatafuta choo cha jirani kiko upande gani. Huku bara hatukuwa na televisheni. Tulikuwa na Land Rover, jenereta, mashine ya kuonyeshea picha, makopo ya mikanda, na shuka moja kubwa jeupe. Sinema zenyewe zilihusu choo, mbu, kupanda mahindi kwa mstari, na kumpeleka mtoto kliniki. Nyingi zilisema Kiingereza. Kwa hiyo mmoja wetu alipunguza sauti ya Mzungu, akashika kipaza sauti, akawaeleza watu kwa Kiswahili. Nikiona bibi fulani amekunja uso, nachomekea na Kiha. Mmoja huyo nilikuwa mimi.

Bosi wangu alikuwa Mzee Sefu, mtu wa Ujiji, dereva na fundi wa mashine kwa pamoja. Kofia yake iliyodariziwa kwa mkono haikutoka kichwani hata akiwa chini ya gari. Ndiye aliyenifundisha kila kitu. Jenereta unaliweka mbali, upande ambao upepo hauji kwa watu. Siku ya kwanza nililiweka vibaya, wazee wa kijiji kizima wakakohoa kuanzia mwanzo wa sinema hadi mwisho. Balbu ya mashine huishiki kwa vidole vitupu, jasho lako litaipasua ikipata moto. Mkanda ukikatika, kwangua ncha kwa wembe, paka gundi, bana, hesabu hadi kumi pole pole. Na shuka usilitie buluu nyingi ukilifua. Hilo nalo nililifanya. Wiki nzima kila mtu aliyeonekana kwenye picha alikuwa na rangi ya mgonjwa wa kuombewa, na muuguzi wa sinema ya kliniki alitisha watoto kuliko sindano yake.

Lakini amri mbili Mzee Sefu alizirudia kuliko zote. Ya kwanza, fungua kila kopo kabla hujaondoka, usiamini karatasi iliyobandikwa juu. Ya pili, kama hujui Mzungu amesema nini, sema hujui. Alisema watu hawakusikii wewe, wanasikia gari la serikali. Nilizivunja zote mbili siku moja, na asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Kasoro ni kwamba mimi sikuvunjika kitu. Alivunjika mtu mwingine.

Jambo jingine mlijue kwanza, maana ninyi mna skrini za kioo. Spika letu lilikuwa juu ya gari, mbele ya shuka. Ukisimama na kipaza sauti mbele ya spika, chombo kinapiga yowe watu wanaziba masikio. Kwa hiyo mimi nilisimama nyuma ya shuka. Picha inapenya kitambaa, unaiona vizuri kabisa, ila imegeuka. Mkono wa kulia wa mtu unauona wa kushoto. Kwa sinema zetu haikuwa na neno. Choo hakina kulia wala kushoto.

Basi padri mmoja wa misheni, rafiki wa Mzee Sefu kwa sababu ya kutengenezeana magari, akatuazima sinema ya aina nyingine. Huko kwao, alisema, watu hukaa sebuleni kila wiki wakamtazama mpelelezi mmoja kwenye televisheni, na kila wiki ana kesi mpya. Kisa kimoja kilikuwa kimemfikia katika makopo mawili. Mpelelezi mwenyewe ni bwana mrefu, mwembamba, mwenye kofia, hana haraka, na akifikiri huchonga penseli kwa kisu kidogo. Nilipenda sana yule bwana. Niliyaweka makopo kwenye gari bila kuyafungua.

Tukafika kijiji kimoja upande wa Kibondo. Jina sitalitaja, wajukuu wao wapo. Mwenyekiti wa kijiji alitupokea akiwa na huzuni. Redio ya kijiji, moja tu, iliyokuwa inakaa ofisini na watu wote wakikusanyika kuisikiliza jioni, ilikuwa imeibiwa. Kufuli limevunjwa. Watu walikuwa hawaaminiani tena, wengine hawasalimiani. Mimi nikajiona nina dawa. Nikamwambia Mzee Sefu tuache ya mbu leo, tuonyeshe ya mpelelezi, iwape moyo. Akaniuliza kama nimeitazama. Nikasema ndiyo. Huo ndio uongo wa kwanza, na uliteleza kama mlenda.

Giza lilipoingia tukaanza. Kiingereza changu kilikuwa cha darasa la nane, cha kusomea barua. Hakikuwa cha kumfuata Mzungu anayesema huku meno yamebana kiko. Nilishika neno moja nikaacha manne. Nilielewa kwamba tajiri mmoja ameibiwa mkufu wa mke wake kabatini, kwamba nyumbani kuna mpishi na mtunza bustani, na kwamba mpelelezi anawahoji wote. Yaliyobaki niliyajaza mwenyewe. Watu walikaa kimya ambacho sijawahi kukipata kwa sinema ya choo. Mwisho wa mkanda wa kwanza, mpelelezi anatoa tufaha mfukoni, anamrushia mtunza bustani, yule analidaka kwa mkono mmoja. Mpelelezi anatabasamu, anatoa penseli, anaanza kuchonga. Mkanda ukaisha.

Mzee Sefu akafunga mkanda wa pili. Ukaanza kuonyesha ng'ombe. Ng'ombe wengi wanene wa Ulaya wanakamuliwa kwa mashine. Kopo lilikuwa limeandikwa sawasawa, tumbo lake ndilo lilikuwa la sinema nyingine. Watu walidhani mwizi amejificha kwenye zizi, wakavumilia ng'ombe kama sita hivi. Kisha wakaanza kunung'unika, na mwenyekiti akaja nyuma ya shuka akaniambia kwa upole kwamba watu wanaomba kujua nani aliiba.

Hapo ndipo nilipopaswa kusema sijui. Maneno mawili tu, "mkanda umepotea," yangetosha. Lakini watu mia tatu wananingoja, na mimi ni kijana wa miaka ishirini na mitatu niliyepewa jina la Bwana Sinema, wasichana wananiangalia viatu. Nikashika kipaza sauti. Nikasema mpelelezi amekwisha kumjua mwizi. Kabati lilivunjwa na mtu anayetumia mkono wa kushoto, ndiyo maana alirusha lile tunda, amwone kila mtu anadaka kwa mkono gani. Mtunza bustani amedaka kwa kushoto, basi ndiye. Watu wakapiga makofi. Nilijisikia mtu mkubwa sana.

Msije mkawacheka wale watu. Hadithi wanazijua kuliko ninyi, lakini hadithi za kwetu hutangazwa kwanza kuwa ni hadithi, na msikilizaji anaitika. Gari letu halikuwahi kuwaletea hadithi. Lilileta namna ya kuchimba choo, wakachimba. Namna ya kupanda mahindi, wakapanda. Siku hiyo lilileta namna ya kumtambua mwizi, na mimi sikuwaambia kwamba hakuna mpelelezi, kuna mchezaji amevaa kofia. Aibu hiyo si yao.

Asubuhi tulikuwa tunakunywa chai kabla ya kuondoka. Mzee Sefu akasema, bila kuniangalia, kwamba yeye alikuwa mbele, kwenye mashine, na yule mtunza bustani alidaka kwa mkono wa kulia. Nikakumbuka nilikuwa nyuma ya shuka. Nikamjibu kwamba watu wamefurahi, na hao waliokaa mbele mbona hawakusema kitu? Waliona kulia, wakasikia kushoto, wakaamini masikio. Mzee Sefu akainua macho kunitazama, na hapo hapo mwenyekiti akaja kutuaga.

"Bwana Sinema, samahani," mwenyekiti akasema. "Lile la mkono wa kushoto. Ndivyo alivyosema yule mpelelezi, au nilisikia vibaya?"

Nataka mkielewe kitu hiki hapa, ndiyo sababu ya kuandika kote huku. Hayakuwa maongezi tu. Nilimwona usoni kwamba ana jambo la kufanya na jibu langu. Mzee Sefu aliinamia kikombe chake akaningoja.

"Ndivyo alivyosema," nikamjibu. "Mtu wa mashoto."

Tukaondoka.

Zilipita kama wiki tatu. Nilikuwa Kibondo kwenye mgahawa, nikaguswa bega. Ni mwenyekiti, amekuja wilayani kufuata mbegu, amefurahi kuniona. Akaniagizia chai kwa lazima. Akasema mwizi wao wamempata kwa elimu yangu. Walikusanya watu wazima wote uwanjani, wakawa wanaitwa mmoja mmoja na kurushiwa kiazi. Mmoja akadaka kwa kushoto. Wakamrushia mara ya pili, akadaka tena kwa kushoto. Anaitwa Melkiadi, alikimbia na mkewe kutoka Burundi mwaka ule wa mauaji, wakapewa sehemu ya kulima kijijini. Kazi yake ni kuchonga mipini ya majembe. Kula anakula kwa kulia na kusalimia kwa kulia kama watu wote, kwa hiyo hakuna aliyekuwa anajua.

Nikamuuliza kama redio imepatikana. Akasema bado, Melkiadi anakataa, ila atasema tu. Vijana walimpiga kidogo. Alipoinua mkono kujikinga, fimbo ikamvunja. Nikauliza mkono upi, ingawa nilishajua. Kijiji kimempa muda avune maharage yake, kisha aondoke na mkewe, aende kwenye makambi ya mbali au arudi alikotoka. Alikotoka, vijana, walikuwa wameuawa ndugu zake. Mwenyekiti hakuwa mtu mbaya. Alinieleza yote hayo kama mwanafunzi anayemwonyesha mwalimu daftari.

Nilimwambia Mzee Sefu siku hiyo hiyo. Nilidhani atanitukana, na ningeshukuru. Alikaa kwenye ngazi ya gari akavua kofia, mara ya kwanza kumwona kichwa, kina mvi kote. Akasema twende kwa padri.

Padri alikuwa ameupata mkanda wa pili, ulikuwa kwenye kopo la ng'ombe. Akatuonyesha ukutani ofisini kwake, akatutafsiria neno kwa neno. Mkufu aliuficha tajiri mwenyewe. Mtunza bustani hakuwa na kosa lolote. Nikauliza, na lile tufaha? Padri akashangaa swali langu. Akasema mpelelezi alikuwa ameona yule mtu amesimamishwa kuhojiwa tangu asubuhi bila kula, akamhurumia, akampa tunda lake.

Njiani Mzee Sefu alisema maneno machache, nayakumbuka yote. "Tutawaonyesha mkanda. Lakini mkanda hautoshi, mwanangu. Usiwaambie ya sinema tu. Waambie na yako."

Nikamwahidi. Na nilikusudia, Mungu ananiona. Tulifika kijijini maharage yakiwa yameanza kukauka mashambani. Hakukuwa na siku za kupoteza. Watu walifurika kuliko mara ya kwanza, maana walisikia mpelelezi amerudi. Nilimwona Melkiadi kwa mara ya kwanza, nikaonyeshwa na mtoto aliyemnyooshea kidole. Alikaa peke yake na mkewe Veronika pembeni kabisa, upande wangu wa nyuma ya shuka, mahali watu walipoacha nafasi kubwa kuwazunguka. Mtu mfupi, wa makamo, mkono umefungwa kwa vipande vya mbao na kitambaa cha khanga shingoni. Alitazama shuka kama wengine. Umbali kati yetu ulikuwa hatua nane, pengine tisa.

Mkanda ukaenda. Mara hii nilitafsiri kweli, kama padri alivyonifundisha. Tajiri akakamatwa. Mtunza bustani akaachiwa, akarudi kwenye maua yake. Sinema ikaisha, shuka likabaki jeupe, na watu wote kimya wananingoja nieleze. Ilikuwa zamu yangu. Nilikuwa nimeyapanga maneno tangu Kibondo: ndugu zangu, siku ile sikujua Kiingereza, mkanda ulipotea, yale ya mkono niliyatunga mimi. Nikafungua mdomo. Nikachungulia pembeni ya shuka, nikaona zile nyuso. Nikafikiri juu ya vijana walioshika fimbo, na gari, na kazi yangu, na jina langu litakavyosemwa vilabuni kutoka hapa mpaka Manyovu.

"Ndugu zangu," nikasema, "mpelelezi amegundua kwamba alikosea. Mkono wa kushoto haukuwa ushahidi. Anasikitika sana."

Ndivyo nilivyosema. Nilimtwisha mzigo wangu mtu asiyekuwepo duniani.

Na ilifanya kazi, hapo ndipo penye uchungu. Mwenyekiti alisimama mbele ya watu. Akasema kama hata mpelelezi mwenye elimu yake amekosea na amerudi kukiri, wao ni nani wasikiri. Melkiadi asiguswe. Shamba ni lake. Wazee wawili wakainuka wakamfuata alipokaa wakampa mkono wa kulia, naye akaupokea kwa wake wa kulia, ambao ndio uliobaki mzima. Veronika alilia kwa sauti. Redio haikupatikana kamwe, na kusema kweli sikuwahi kuitafuta habari yake. Mkono wa Melkiadi uliunga vibaya. Nilisikia baadaye kwamba alijifunza kuchonga kwa mkono mwingine, na mipini yake ikawa haiingii sawasawa kwenye jembe, lakini watu wa kijiji waliinunua.

Mzee Sefu alikunja shuka peke yake. Nilipotaka kushika upande wa pili akaniambia niache. Tulifanya kazi pamoja miaka mingine minne, alinipikia, alinifundisha kuendesha gari, nilipooa alikuja. Lakini kipaza sauti hakunipa tena. Ikifika sinema ya Kiingereza aliwaambia watu, "Hatujui anasema nini, angalieni wenyewe." Watu waliangalia wenyewe, na choo walichimba vile vile.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Ya kwangu imefika miaka hii yote na bado naitembea. Sijawahi kumwambia mke wangu, Mungu amrehemu, wala watoto. Nimekuwa nikijitetea kwamba Melkiadi alibaki na shamba lake, na je, si hilo ndilo lililotakiwa? Nikijitetea hivyo huwa nakumbuka asubuhi iliyofuata sinema ile ya pili.

Asubuhi ile tulikuwa tunapakia. Alikuja Melkiadi mwenyewe, amebeba kikapu cha maharage mapya kwa mkono wake mzima. Alinisalimu "Bwakeye," salamu ya asubuhi ya kwao, kwa heshima, ingawa nilikuwa na umri wa mwanawe. Akaweka kikapu miguuni pangu. Nilikataa, akasisitiza, Veronika amechambua mwenyewe. Nikakipokea. Kisha akasogea karibu, kama mtu mwenye ombi kubwa.

"Yule muzee wa kofia," akasema, "unaonanaga naye?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Ukimuona, umwambie mimi simulaumu. Kila mutu anakoseaga. Umwambie amefanya vizuri kurudi kusema. Wengi hawarudigi."

Nikamwambia nitamfikishia.